Mvua Ambayo Mwalimu Hakuipima

Katika mtaa wetu wa Kenya, hapa Lubumbashi, kulikuwa na mtu aliyeweza kukuambia ni mvua kiasi gani ilinyesha siku uliyozaliwa. Hakukuuliza jina. Alikuuliza tarehe, akaingia ndani, akatoka na daftari lililofunikwa kwa karatasi ya kaki, akapitisha kidole kwenye mistari, kisha akakutazama juu ya miwani. "Wewe uko trente-sept," angesema, yaani milimita thelathini na saba. Tangu hapo ulikuwa Trente-sept kwake, hata uote mvi. Sisi tulimwita Mwalimu tu. Mtaa ulikuwa na walimu wengi, lakini hata wao walimwita hivyo, na ukisema "Mwalimu" hakuna aliyeuliza yupi.

Mimi nilizaliwa mwezi wa saba, katikati ya kiangazi, wakati mji huu haupati hata tone. Kwa hiyo jina langu kwake lilikuwa Zéro. Alinifundisha jiografia, na wenzangu darasani walilicheka jina hilo mpaka siku moja nikalia mbele ya watu. Hakunibembeleza, hakuwa mtu wa kubembeleza. Alinisimamisha pale ubaoni akasema:

"Zéro iko namba. Maana yake muntu alilamuka asubui, akaenda kwenye kopo, akaangalia muzuri, akakuta hakuna. Zéro iko na heshima yake. Yenye iko mubaya iko kale kastari."

Kistari ndicho alichochora mpimaji pale ambapo siku ilipita bila mtu kupima. Mwalimu alifungua daftari lake, akatembea nalo kati ya madawati, akatuonyesha kurasa moja baada ya nyingine. Zéro zilikuwa nyingi kuliko namba nyingine zote. Kistari hakikuwapo hata kimoja. Nilirudi kukaa na kiburi kidogo, nacho hakijaniisha mpaka leo, ingawa sina tena haki nacho.

Kopo lenyewe lilikuwa la bati, na mdomo kama wa faneli, limesimama juu ya kigingi katikati ya lupango lake, yaani kiwanja cha nyumba, mbali na ukuta na mbali na mti. Watu wengine wa mtaa walipanda mchicha katika uwanja wao au walijenga vyumba vya kupangisha. Yeye aliacha uwanja wote wazi kwa ajili ya kopo. Kila siku saa moja asubuhi alitoka na gilasi yenye alama, akamimina, akainama mpaka jicho likawa sawa na maji, akaandika. Jumapili alitoka kanisani katikati ya misa ya kwanza, akaenda kupima, akarudi kabla ya komunyo. Padri alishazoea. Kuna mwaka alitangaza sala za kuomba mvua, na Mwalimu akamngoja mlangoni kumweleza kwamba mvua haijachelewa, sisi ndio tumesahau, na kama Baba Padri ana nafasi aje aone daftari. Padri alicheka, lakini daftari hakwenda kuliona.

Mkewe, ambaye sote tulimwita Mama Mwalimu, alikuwa akisema mbele ya wageni: "Mie niko bibi wa pili. Wa kwanza iko lile kopo. Nilikuta iko pale, nikaikala kimya." Mwalimu alijifanya hasikii. Ila ukweli ni kwamba Mama Mwalimu ndiye aliyefanya daftari lile likose vistari. Mwalimu alipougua malaria, yeye ndiye aliyetoka na gilasi. Mwalimu alipokwenda Pweto kwa wakwe kupeleka salamu na kurudi na samaki wakavu, yeye ndiye aliyeandika. Mwandiko wake unautambua mara moja, kwa sababu saba zake zina kamkanda katikati, na sifuri zake ni kubwa na za mviringo, tofauti na zile za mumewe zilizobanwa. Mwalimu hakuwahi kumshukuru nikasikia. Ila nilimwona mara moja akionyesha wanafunzi ukurasa wenye saba zile, akasema, "Hii yote ni bibi yangu," kisha akafunua ukurasa haraka.

Alikuwa na kinyume chake, kama watu wote. Aliwacheka waliosema radi hutumwa na wabaya. Katika mtaa wetu radi ikipiga nyumba watu hawatazami mawingu, wanatazama majirani. Mwalimu aliwakemea hata kwenye kilio. Lakini wingu jeusi likianza kupanda kutoka upande wa migodi, yeye ndiye aliyezunguka nyumba akichomoa kila kitu ukutani, redio, friji, feni isiyofanya kazi tangu zamani, kisha akageuza kioo kikatazama ukuta. Ukimuuliza kioo kina kosa gani, alikwambia nyamaza.

Tena, mtu huyu aliyekuwa mkali kwa namba alikuwa mwongo wa mambo madogo. Alimwambia mkewe amemeza dawa na dawa ingali mfukoni. Aliwaambia watu anajua Kiingereza, kwa sababu alikuwa na kamusi kubwa na aliishika vizuri. Kifaransa chake kilikuwa cha kupendeza kusikia. Kiingereza hakuna aliyekisikia, nasi kwa heshima hatukumwomba.

Kwenye namba hakukuwa na mzaha. Alitufundisha kwamba chombo chochote chenye ukuta ulionyooka ni kipimo cha mvua, hata sufuria, mradi kiwe kikavu kabla ya mvua kuanza, kisha akatutuma tupime nyumbani wiki nzima. Jumamosi nililala kwa shangazi, nikasahau, nikajaza kumi na mbili. Mwalimu alisoma orodha yangu, akaniuliza sufuria niliiweka wapi. Nikasema hapo uani. Akauliza nani alinisaidia kuitoa. Nikaitazama orodha yangu. Hakunipiga wala hakupaza sauti.

"Futa," akasema. "Sasa andika kastari. Na mukono yako."

Nilikiandika. Ni mstari mdogo kuliko ukucha, lakini ulinichukua muda.

Nimekua, nimefungua kibanda changu karibu na soko, ninapochapa barua za watu, kutoa nakala, na kufufua kompyuta na simu zilizokufa. Kwa hiyo binti wa Mwalimu aliyeko Bulaya alipotuma kituo cha hali ya hewa cha nyumbani, ni mimi niliyeitwa kukifunga. Kilikuwa kitu cha plastiki nyeupe juu ya mlingoti, na vikombe vya upepo, na ndani yake kijiko kidogo kinachojaa mvua na kubinuka. Kila kikibinuka, habari husafiri hewani mpaka kwenye kisanduku chenye skrini sebuleni, na kisanduku hutunza namba na tarehe ndani ya kumbukumbu yake. Kazi yangu ilikuwa kuja kila baada ya miezi michache na kompyuta, kunakili kumbukumbu ile.

Mwalimu hakukiamini. Msimu mzima wa mvua alipima kwa kopo na kwa mashine, akaandika safu mbili, akatafuta kosa. Mashine haikukosea, na hilo lilimkera. Mama Mwalimu akamwambia, "Sasa niko wa tatu."

Mvua zilizofuata zilipoanza, Mama Mwalimu alilazwa. Mwalimu alihamia kwenye benchi la hospitali. Nilimkuta huko nimepeleka chakula, nikamuuliza nani anapima, nikamwambia naweza kwenda. Alitazama ukuta akasema, "Mashine iko. Itapima." Nilimfahamu tangu utoto wangu na sikuwahi kumsikia akisema kitu cha kunitisha vile. Daftari lilifungwa mezani, na mashine ikabaki peke yake na mvua.

Mama Mwalimu alifariki mwezi wa kwanza. Tulimzika kukiwa na jua, na tuliporudi kwenye kilio kula, mvua ikashuka. Nilitakiwa kunakili kumbukumbu ya kile kisanduku wakati uleule, lakini hapa kwetu mtu haingii kwenye nyumba ya kilio na kompyuta kwapani. Watu wamekaa chini kwenye mikeka, wewe unatafuta prizi ya umeme? Nikasema itangoja. Mwezi wa pili nikasema vilevile. Hilo ni langu na simsukumii mtu.

Mwezi wa tatu ikaja dhoruba ile. Ilianza alasiri, na umeme ukapiga mti wa avokado wa jirani ukaupasua mpaka chini. Safari hiyo Mwalimu hakuchomoa kitu ukutani. Asubuhi alikuja kibandani kwangu amevaa koti, kisanduku amekifunga ndani ya kitenge cha mkewe.

"Zéro," akasema, "kuya uone. Tarehe imepotea."

Nilikwenda naye. Kwanza nilibadilisha pile, yaani betri. Kisha nikatoka nje, nikapanda kiti, nikafungua kipimo kwenye mlingoti, nikabinua kijiko kwa kidole mara tano. Mwalimu, ndani, alihesabu kwa sauti namba zikipanda kwenye skrini. Tano zilikuwa tano. Kwa hiyo nje hakukuwa na hitilafu, na hewani hakukuwa na hitilafu. Kilichoharibika ni saa ya kisanduku. Skrini ilionyesha tarehe ya kwanza ya mwezi wa kwanza, mwaka wa zamani ambao kisanduku chenyewe kilikuwa bado hakijatengenezwa. Nilifurahi. Nilimwambia, "Mwalimu, haiko mubaya. Ni saa tu."

Nikachomeka kompyuta. Programu ilifunguka na kunihesabia rekodi zilizo ndani, na zilikuwa maelfu, zote. Mwalimu aliegemea begani kwangu. Nilimsikia akipumua.

Hapo ndipo nilipotakiwa kunakili kwanza. Fundi yeyote atakwambia. Lakini mkono wangu una desturi ya kibandani, ambako mashine ikija na saa mbovu, saa ndiyo inarekebishwa mwanzo, maana bila hiyo hakuna kinachofunguka. Nikabonyeza saa. Likatokea dirisha lenye sentensi mbili za Kiingereza na vitufe viwili chini. Mimi Kiingereza changu ni cha vitufe tu. Nikageuka.

"Mwalimu, iko nasema nini?"

Akasogeza miwani. Akasoma midomo ikicheza, mstari wa kwanza, mstari wa pili. Kamusi ilikuwa kwenye rafu, hatua tatu kutoka pale. Sote wawili tuliiona.

"Iko naomba ruhusa ya kutengeneza saa," akasema. "Bonyeza."

Nikabonyeza. Saa ikawa sahihi hadi sekunde. Na ile hesabu ya rekodi ikawa sifuri.

Kisha Mwalimu aliiomba kompyuta kwa upole, kama mtu anayeomba chumvi, akaishusha kwenye meza yeye mwenyewe, akaenda kuchukua kamusi. Alitafuta maneno ya dirisha lile kama alivyoyakumbuka, moja baada ya jingine, amesimama. Alipofika neno la mwisho, lenye maana ya kufuta, alifunga kamusi na kuirudisha mahali pake. Jioni majirani walipouliza, alisema radi imeharibu mashine. Nami nikasema radi. Wengine wakaanza kutaja nani aliyeituma, na Mwalimu, kwa mara ya kwanza, hakuwakemea.

Nilijaribu kila kitu. Nilijaribu programu za kufufua vilivyofutwa. Nilikipeleka kisanduku katikati ya mji, kwa fundi ninayemheshimu, akakifungua, akatazama chini ya kioo cha kukuzia, akanirudishia. Binti yao aliwaandikia watengenezaji, wakajibu kwa adabu kwamba kilichofutwa kimefutwa. Nikasema basi tuombe namba za uwanja wa ndege, kule wanapima. Mwalimu akatikisa kichwa. "Mvula ya kule haiko ya hapa." Na ni kweli, kila mtu wa mji huu amewahi kusimama kwenye barabara kavu akitazama mvua ikinyesha barabara ya pili.

Alirudi kwenye kopo lake, saa moja kila asubuhi. Nilidhani labda ndiyo mwisho, kwamba miezi ile itabaki pengo na sisi tutaizoea. Sikuwa nimeelewa bado ni siku gani aliyokuwa akiitafuta.

Nilielewa kwenye misa ya mwaka mmoja. Tulikuwa lupangoni tukila, na dada wa marehemu alikuwa amefika kutoka Pweto. Mwanamke mcheshi, analijua daftari, naye alipenda kumchokoza shemeji yake. Alisema bila ubaya wowote: "Shemeji, weye unajuaka mvula ya kila muntu. Ile siku tulizika dada, ilinyesha ngapi?"

Mwalimu alikuwa ameshika tonge. Alilishika hivyo. Watu wakaanza kuongea habari nyingine kwa haraka, na yule dada akatazama huku na huku asijue amekosa nini. Nilitamani ardhi inimeze. Mwanamke aliyeziba kila pengo katika daftari la mumewe, siku yake yeye haikuwa na namba. Na kidole kilichoifuta kilikuwa changu.

Mara ya mwisho kuongea na Mwalimu kwa kirefu ilikuwa mwezi wa pili uliofuata. Nilikwenda asubuhi, saa moja, kwa makusudi, nikamkuta amepima tayari na amekaa kwenye kiti cha plastiki, daftari magotini. Jicho moja lilikuwa limeingiwa na ukungu. Mlingoti mweupe ulikuwa bado umesimama, vikombe vikizunguka, lakini hakuutazama. Daftari lilikuwa limefunguliwa kwenye kurasa za miezi ile. Alikuwa amezipiga mistari na kuandika tarehe zote, kwa mwandiko ule uliobanwa, na mbele ya kila tarehe hapakuwa na kitu. Hakuwa ameweka hata kistari.

"Mwalimu," nikasema, "niko na neno."

"Sema, Zéro."

Nilikuwa nimelikumbuka usiku wa kuamkia siku ile, na sikulala tena. Siku ya mazishi mimi nilikuwa na wanawake wenzangu wa jikoni, nje, nyuma ya nyumba. Mvua iliposhuka tulikimbilia barazani tukaacha kila kitu. Ilipokwisha ni mimi niliyeokota lile sufuria kubwa la aluminiamu katikati ya uwanja, sufuria lenye ukuta ulionyooka, na kabla ya kumwaga nilitia kidole. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha. Maji yalifika hapa, kwenye mkunjo wa pili.

Mwalimu alinyoosha mkono akanishika kidole. Alitoa rula mfukoni mwa koti, akakipima kutoka ncha mpaka mkunjo, akarudia. Niliona uso wake ukifunguka kidogo. Akachukua kalamu. Akaishusha mpaka karibu na karatasi, kwenye mstari wa siku ile.

"Ilikuwa tupu?" akauliza. "Mbele ya mvula?"

"Ilikuwa tupu, Mwalimu."

"Ilikuwa kavu?"

"Kavu kabisa."

Kalamu ilibaki pale ilipo.

"Mulikuwa mumepika nini ndani?"

Ningeweza kusema mboga. Ningeweza kusema maharagwe. Lakini yule ni Mwalimu, na nilikuwa nimesimama mbele yake, na miaka yangu yote haikunisaidia.

"Bukari," nikasema.

Alifunga macho. Hakuna mwanamke wa mji huu, wala mtoto wa kike wa miaka saba, anayepakua bukari, ugali wetu, kisha akaliacha sufuria likauke. Unatia maji papo hapo, ukoko ulainike, unaliweka pembeni. Tuliyatia. Nakumbuka mkono wa aliyeyatia na ndoo aliyoyatoa. Nililijua hilo nilipokuwa njiani, na nililijua aliponishika kidole.

"Mulitia maji kiasi gani?"

"Sijue, Mwalimu."

"Ndiyo," akasema. "Huwezi kujua."

Hakunikasirikia. Ningependa angekasirika. Alinipa kalamu na kunisogezea daftari, akasema macho yake hayaoni tena mistari vizuri, nimsaidie. Tulianza na siku ya kwanza ya pengo. Aliita tarehe, mimi nikachora kistari. Aliita nyingine, nikachora. Hakuruka hata moja, na hakuharakisha. Tulipofika siku ya mazishi aliita tarehe kwa sauti ileile.

Nilisimamisha kalamu. Pembeni ya kila mstari kuna nafasi ya maelezo. Nikamwambia, "Mwalimu, niandike basi pale pembeni kama ilinyesha. Ile tunajua. Bantu bote baliona."

"Ilinyesha ngapi?"

"Sijue."

"Basi usiandike."

Nikachora kistari. Akaita tarehe iliyofuata.